Mbao za kuchongea mapanga ya mtambo wa upepo: kagua nyuzi kabla ya kuuliza jina la mti

Panga langu lilivunjika usiku, theluthi moja kutoka kitovuni, na kipande chake nilikiokota asubuhi ng'ambo ya uzio. Nilidhani nitakuta kifundo au ufa wa zamani. Sikukuta. Mbao ilikuwa kavu, nyeupe, haina jicho hata moja, na muuzaji aliniapia kwamba ni daraja la kwanza. Lakini ilikuwa imepasuka kwa mshazari mrefu, laini kama iliyokatwa kwa kisu. Nyuzi za mbao, ile mistari midogo ya mti ndani yake, zilikuwa zinakimbilia pembeni, nami nilikuwa nimezichonga wiki mbili nzima bila kuziona.

Kwa hiyo sina haja ya kukwambia mbao iwe kavu na nyepesi, hayo unayajua. Tuongee mshazari wa nyuzi.

Chukua rota (mapanga yote pamoja na kitovu) yenye kipenyo cha mita 2.4 inayozunguka mara 400 kwa dakika. Ncha ya panga inakwenda mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa, na kila gramu iliyoko nchani inavuta kuelekea nje kana kwamba ina uzito wa gramu 200 na zaidi. Mbao huustahimili mvuto huo vizuri nyuzi zikinyooka na urefu wa panga. Zikikatiza, mvuto huo huo unaanza kuzibandua uzi kwa uzi, na hapo ndipo mbao ilipo dhaifu kuliko popote. Nyuzi zikihama sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu, nguvu ya kustahimili kupindwa hupungua kwa karibu sehemu ya tano. Zikihama 1 kwa 5, karibu nusu yake imekwenda. Mbao za kuundia ndege kwa kawaida haziruhusiwi kuzidi 1 kwa 15. Nami sasa sinunui inayozidi hapo.

Usidanganywe na ile michoro mizuri ya pete za ukuaji usoni mwa mbao, maana pete zinaweza kunyooka na nyuzi zikawa zinakwenda kwingine. Tafuta vijistari vyembamba vya utomvu, katika nyuso mbili zinazopakana. Au dondosha tone la wino uone linatambaa kuelekea wapi. Jaribio lisilo na ubishi ni kupasua kipande cha mwisho kwa patasi: msumeno hukata popote unapouelekeza, patasi hufuata nyuzi.

Sasa miti yenyewe. Wa kwanza kwangu ni msprusi wa Sitka, na sifichi upendeleo wangu. Una uzito wa kilo 400 na kidogo kwa mita ya ujazo, na kwa uzito huo nguvu zake ni za ajabu. Huo ndio mti aliouchagua Marcellus Jacobs kwa mitambo yake ya upepo iliyotapakaa katika mashamba ya Marekani miaka ya 1930. Hukua mrefu na mnyoofu, kwa hiyo kupata mbao yenye nyuzi nyoofu si bahati nasibu.

Wa pili ni mti wa Douglas: mzito zaidi, imara, ila huchanika ukingoni unapoupiga randa, hivyo noa vyuma mara kwa mara. Wa tatu ni mwerezi mwekundu. Mwepesi kweli na hauozi upesi, lakini ni laini, na mvua na mchanga huula ukingo wa mbele usipoukinga. Msonobari wa kawaida unafaa ukipata ubao usio na vifundo. Mwaloni na msaji ni mizito mno, acha. Plaiwudi nusu ya tabaka zake nyuzi zinakatiza panga, na mbao za paleti hata usiziguse.

Kama huna ubao mmoja mzuri, gundisha fito nyembamba kwa epoksi, ili uzi mbaya wa fito moja ushikwe na jirani zake. Mimi natumia epoksi ya chapa ya West System tu. Waliouanzisha, ndugu wa Gougeon wa Michigan, walikuwa waundaji wa mashua, na baadaye walitengeneza mapanga ya mbao na epoksi kwa mitambo ya upepo ya majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Daraja la kwanza lao linahesabu vifundo na urembo, nyuzi hakuna anayeziangalia. Mbao zimefungwa plastiki, ncha zimepakwa nta, na ukitaka kugeuza ubao wa chini unaambiwa unaharibu mpangilio. Juzi niliomba kupasua sentimita 20 za mwisho za ubao uliotosha mapanga yote matatu, maana nataka yatoke ubao mmoja ili yasipishane uzito. Nilikubali kulipia ubao mzima hata nikikuta haufai, mradi nikione hicho kipande kikipasuka. Muuzaji alikataa. Nilimwachia ubao wake.