Nimehama Excel dukani, miezi minne sasa na programu ya stoo

Wakuu, nina kaduka ka vifaa vya ujenzi hapa Chikongola, Mtwara. Hesabu zote zilikuwa Excel, dogo anaandika daftarini mchana, jioni anahamishia kwenye laptop. Sasa msimu wa korosho ukianza Oktoba, hela ikiingia kila mtu anataka bati, hapo ndo vioja, mara 85 inaandikwa 58, mara kaongeza mstari chini ya jumla na fomula haijausoma, siku moja kasoti, yaani kapanga upya, safu ya majina peke yake basi madeni yote yakahama, mzee wa Tandahimba anayedaiwa misumari tu akasomeka anadaiwa bati 40. Aibu ile acha tu.

Hii programu unachagua bidhaa, unaweka idadi, stoo inapungua yenyewe. Jina la mtu halitengani na deni lake, hilo tu limeshanirudishia hela ninayolipia programu kwa mwezi. Alafu aliyebadilisha bei anaonekana, dogo siku hizi ana adabu kweli.

Ubaya upo. Ukiingiza mzigo wa mwanzo vibaya, kosa linaenda nalo, sisi tulihesabu stoo siku 2 nzima. Mtandao ukisumbua mauzo yanachelewa kuingia kwenye programu. Ripoti Kiingereza kitupu.

Na msituone washamba, Uingereza 2020 kesi karibu 16,000 za korona zilichelewa kuripotiwa kisa faili la Excel la zamani limejaa mistari. Nyota 4, ya 5 wakileta ripoti za Kiswahili.