TAHADHARI: Antena za "kilomita 200" zinazozungushwa Mwanga na Gungu

Wana Kigoma, kuna jamaa anazungusha antena za ving'amuzi Mwanga na Gungu. Boksi la njano, fimbo 24, ubavuni limeandikwa "kilomita 200". Mimi nimeshapigwa 45,000, ndiyo maana naandika.

Anavyokunasa ni hivi. Anaweka tivii yake ndogo mezani, mahali ambapo mawimbi ya mnara yamejaa tele, anachomeka antena, picha inatulia kama ziwa alfajiri. Hapo umekwisha. Kumbe pale hata ukichomeka kipande cha waya picha ingekuja. Mimi nakaa bondeni, kilima kimekaa kati yangu na mnara. Nilipoipandisha mlingotini, ikawa "hakuna mawimbi" mpaka usiku. Mke wangu akauliza, ile ya zamani iko wapi? Ya zamani, yenye fimbo 8, nilikuwa nimeshamgawia shemeji.

Nikaenda kwa fundi. Akakwaruza fimbo moja kwa bisibisi: plastiki iliyopakwa rangi ya fedha! Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo yale yote ni mapambo. Kile kiboksi cha "busta" ndani kina taa ndogo nyekundu tu. Na hata busta ya kweli haizai mawimbi, inakuza yaliyokwishanaswa, pamoja na makelele yake.

Kilichoniponza ni kuamini kwamba antena kubwa ndiyo inayovuta. Fundi akachukua tepu ya kupimia, akanifundisha: gawanya 300 kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Chaneli ya tivii ya megahezi 500 wimbi lake ni sentimita 60, na fimbo inayonasa huwa kama nusu yake, sentimita 30 hivi. (Redio ya FM ya megahezi 100 ingetaka mita moja na nusu.) Katika antena ya fimbo nyingi, inayoungwa na waya ni moja tu. Iliyo nyuma yake huwa ndefu kidogo, inayarudisha mawimbi mbele. Zilizo mbele huwa fupi kidogo, zinayaelekeza kwake. Ndiyo maana lazima uielekeze kwenye mnara. Mpangilio huo waliubuni Wajapani Uda na Yagi miaka ya 1920. Huyu jamaa kaiga sura, hesabu kaiacha: fimbo zangu zote 24 zina sentimita 50, hakuna ndefu wala fupi.

Ukimkuta, kwaruza fimbo kwa ufunguo kabla hujatoa hela. Halafu mwambie mwende mkaijaribu juu ya paa lako. Mimi nilimwomba hivyo, akasema anawahi boti, nami nikamwonea huruma!

Jumamosi wameniambia yuko Kibirizi na maboksi yaleyale. Simu yake nimepiga mara mbili. Ya kwanza alipokea, akasikia sauti yangu, akasema mtandao unasumbua.