Vidonge vya klorini vya bwawa: miezi yote ile niliuziwa bila kuambiwa kilichomo

Nianze na aliyeniudhi, maana bila yeye nisingekaa kuandika haya.

Niliingia kwenye duka la dawa za bwawa ninaponunulia vidonge, nikiwa na chupa ya lita moja na nusu mkononi. Ndani yake maji ya bwawa langu, kijani kama maji ya mlenda. Nikamwambia kijana wa kaunta, "Mwanangu, klorini naweka, kipimo kinaonyesha ipo, lakini tazama haya." Hakutazama. Macho kwenye simu. Akanijibu, "Mama, bwawa si ndoo ya kufulia. Mwambie mzee nyumbani aje, au mlete fundi, tutaongea naye." Mbele za wateja wawili. Bwawa lile nimelisimamia mimi kuanzia siku shimo linachimbwa hadi kigae cha mwisho, na kila shilingi imetoka mfukoni mwangu. Na kwa miezi mingi duka lilelile lilikuwa linapokea hela zangu za vidonge bila kumuulizia mzee yeyote.

Basi nieleze. Nakaa Mbezi Beach, bwawa ni la nyumbani tu, mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu, kwa hiyo kama lita 48,000. Wajukuu wakija likizo hawatoki humo. Mwanzoni nilipewa vidonge, vile vikubwa vya gramu 200, na sitasema uongo, nilivipenda kwa moyo wote. Unavitia kwenye boya, boya linazunguka lenyewe, kidonge kinayeyuka polepole siku nyingi, wewe unaendelea na shughuli zako. Niliweka vinne kwa wiki. Maji yakawa yanang'aa hadi unahesabu vigae vya chini. Niliwasifia majirani, na mmoja akanunua kwa sababu yangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Masika yalipoanza, mwaka jana kama si mwaka juzi, nikaona kuta zinateleza. Baada ya siku chache maji yakageuka. Kile kiboksi changu cha kupimia, chenye mirija miwili, wa manjano kwa klorini na wa rangi nyekundu kwa pH, yaani kiasi cha uchachu wa maji, kilinionyesha klorini ipo tele. Nikaongeza vidonge. Yakazidi kuwa kijani. Ndipo nikaenda dukani nikajibiwa hayo niliyoyasema.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima niliyeelekezwa na jirani. Huyu hakuniuliza habari za mume. Alichota maji, akayachanganya na dawa yake nusu kwa nusu, yakawa meupe kama tui jepesi. Kisha akawa anayamimina taratibu kwenye mrija mwembamba wenye doti nyeusi chini. "Mama, tazama kutoka juu, uniambie doti ikipotea." Ilipotea kabla maji hayajafika hata mstari wa kwanza, ule ulioandikwa 100. Akayapunguza maji ya bwawa kwa maji safi, nusu kwa nusu, akarudia. Safari hii doti ikapotea kwenye 80. Akaniambia, "Zidisha mara mbili, mama. Uko 160. Ilitakiwa uwe 30 hadi 50."

Alichokuwa anapima, kwa miligramu kwa kila lita, kinaitwa asidi ya sayanuriki, mafundi wengi wanaiita stebilaiza. Kazi yake ni kuikinga klorini isiliwe na jua, na kwa jua letu hili inahitajika, maana klorini isiyo na kinga juani inapungua kwa nusu ndani ya muda mfupi sana. Lakini ikizidi, inaishika klorini isifanye kazi. Kipimo kinaiona, uchafu hauisikii. Na ndani ya kila kidonge changu ilikuwemo! Zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge ndiyo hiyo. Klorini inatumika ikaisha, yenyewe inabaki. Haipai na mvuke, jua haliiondoi, mchanga wa chujio hauishiki. Nilikaa na kalamu usiku ule: vidonge vinne kwa wiki ni karibu miligramu 9 kwa kila lita ya bwawa langu, kila wiki inayopita. Miezi minne tu inatosha kunifikisha pale nilipokuwa.

Hakuna aliyeniambia, hata mara moja. Nilikuwa nanunua kopo juu ya kopo, wananihesabia chenji, wananiambia karibu tena mama. Kwenye kopo limeandikwa jina refu la kikemia kwa herufi ndogo, wakaona inatosha.

Dawa ya stebilaiza iliyozidi ni kumwaga maji. Tena fundi alikataa kulikausha bwawa lote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kwetu huku karibu na bahari, wakati wa masika, maji ya ardhini yako juu, na bwawa tupu linaweza kuinuliwa na maji ya chini likapasuka. Tukamwaga nusu, tukajaza, tukaacha pampu izungushe, tukamwaga nusu tena. Kutoka 160 hadi 80, kutoka 80 hadi 40. Maboza matano ya lita 10,000. Nilisimama getini nikiangalia maji mazuri yanashuka kwenye mpira na mengine yanatoka kwenda mtaroni, wakati kuna majirani zangu wanaopanga ndoo. Sikuona raha yoyote.

Nikahamia klorini ya maji, ile ya kwenye dumu. Hapa ningependa niseme ndiyo jibu, na kwa wiki kadhaa nilisema hivyo kwa kila aliyenisikiliza. Haina stebilaiza kabisa. Unamimina unachohitaji, jua likishazama, pampu ikiwa inazunguka, asubuhi maji yako safi. Kwa bwawa langu ni chini ya lita moja kwa siku kama dawa ni nzima, ya asilimia 12 kweli.

Kama ni nzima. Dumu langu la tatu nililinunua kwingine, nikayakuta madumu yamepangwa nje, barazani, jua la saa saba linayapiga. Sikujua kitu, nikanunua. Nikamimina lita moja, kipimo hakikusogea. Lita mbili, kidogo. Klorini ya maji inaisha nguvu yenyewe kwa joto na mwanga, hata kama kifuniko hakijafunguliwa. Nililipia klorini nikauziwa maji ya chumvi. Na dumu hilohilo lilivuja kwenye buti la gari, likanilia kanga mbili nilizokuwa nimezipeleka kupindwa, jozi ambayo binti yangu alinipa. Zimebaki na mabaka meupe. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu klorini ya maji haina kero. Unabeba mzigo, unamimina kila jioni, ukisahau siku mbili umeumia, na pH inapanda, inabidi kuishusha na asidi, kwa wakati wake, mbali kabisa na klorini. Zikikutana hizo mbili zinatoa hewa ya sumu.

Vidonge navyo pH vinaishusha. Ngazi yangu ya chuma ilipata madoa ya kutu, na simenti kati ya vigae ililika pale boya lilipokuwa linapenda kuganda. Kuna kipindi niliviweka kwenye kikapu cha skima, ule mdomo ukutani unaovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu, umeme ukakatika usiku kucha, vikaendelea kuyeyuka maji yakiwa yamesimama. Umeme uliporudi, pampu ikameza ile tindikali yote kwa pamoja. Sili yake haikumaliza mwezi.

Lakini bado sijasema lililonikasirisha kuliko yote. Siku ile ya chupa, nikiwa nageuka kuondoka, yule kijana alinisukumia mfuko wa klorini ya chenga, akasema, "Tia hii humohumo kwenye boya pamoja na vidonge, itaua kila kitu." Nikaichukua. Nilikuwa nimeshafika nao nyumbani, boya liko pembeni ya bwawa likiwa na vidonge vilivyoloa ndani, mfuko nimeshaufungua. Fundi aliingia getini muda huohuo. Alinipokonya ule mfuko mkononi bila kusalimia. Chenga zile, ambazo ni klorini ya kalsiamu, na vile vidonge vikikutana kwenye chombo kilichofungwa, na unyevu ukiwepo, vinaweza kuwaka moto, vinaweza kulipuka. Mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa amechuchumaa pembeni yangu, ameshika kifuniko cha boya.

Mtu huyohuyo aliyeniambia nimlete mzee ndiye aliyenipa hiyo.

Ukiniuliza leo, natumia klorini ya maji, dumu dogo dogo, nikiuliza kwanza limekaa wapi na limeingia lini, na kile kipimo cha doti nimekinunua changu. Vidonge navitumia nikienda Moshi mwezi wa kumi na mbili, viwili kwa wiki, basi. Kwa safari hakuna kinachovishinda, na kwa haki nikiri, bwawa halijawahi kung'aa kama lilivyong'aa miezi ile ya kwanza. Kopo la mwisho bado liko stoo, nusu. Mwaka huu nilikuwa nimepanga kuvitumia tena. Ila tangu nianze kuandika haya nimekwenda stoo, nimelishika, nimelirudisha. Nafikiri safari hii nitamlipa fundi aje kila jioni amimine.