Kula hotelini Mombasa ukiwa na presha: uzoefu wangu

Watu wengi huamini kwamba mwenye presha au sukari akifanya kazi mjini hana budi kubeba chakula kutoka nyumbani, la sivyo ashinde na njaa. Mimi nina presha, nafanya kazi mjini, nakaa Kisauni, na mchana sirudi nyumbani. Nasema Mombasa ni mahali pazuri sana kwa mtu wa hali yangu kula nje, mradi ajue cha kuagiza na apate wapishi wanaosikia.

Hoteli ninayoisifu iko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Haina kibao, watu huiita kwa jina la mwenyewe, na jina lake sitaliweka hapa bila ruhusa yake. Meza ni chache, moto wa makaa uko nyuma uani, na moshi wake ndio unaokuelekeza.

Samaki ndiye anayenirudisha pale. Huchoma changu na tafi, na siku ya bahati kolekole. Changu huchanjwa ubavuni, akapakwa thaumu, tangawizi, pilipili na ndimu, kisha akawekwa jikoni. Chumvi hutiwa mwisho, karibu na kuepua. Hilo kwangu ni jambo kubwa, maana hoteli nyingi hukoleza samaki wote asubuhi, na ukifika saa saba kuomba chumvi ipunguzwe, hakuna tena cha kupunguzwa. Siku ya kwanza nilipoeleza hali yangu, kijana wa kuhudumu aliniambia, “Ami, njoo uchague mwenyewe.” Akanifunulia sinia la samaki wabichi, macho maangavu, matamvua mekundu. “Hawa bado hawajatiwa kitu.” Wangu alichomwa kwa thaumu na ndimu tupu. Ngozi ilikauka ikapasuka, nyama ndani nyeupe, bado ina maji yake. Chumvi sikuikumbuka.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia kila hoteli: chakula hiki kimepikwa sufuria moja kwa watu wote, au kinapikwa mtu anapoagiza? Pilau, biriani, supu na mchuzi ni vya sufuria. Chumvi imeshaingia, mafuta yameshaingia, na weita akikuitikia “sawa, tutapunguza” anakupa heshima tu, hana uwezo huo. Cha kuchoma, mayai, mboga za kukaangwa papo hapo, hivyo unaweza kuviamrisha. Kwa hiyo ninapoketi siulizi kama chakula ni cha afya. Nauliza, “Hiki kiko tayari au mnakipika sasa?” Jibu lake linanitosha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate, vikolezo vya pakiti na achari. Achari ndiyo inayoponza wengi kwetu. Huletwa mezani bila kuagizwa, embe au ndimu, na mkono wenyewe unaifuata. Mimi huomba iondolewe kabla sijaanza kula. Kachumbari pia iangalieni: vitunguu huvurugwa na chumvi ili ukali utoke, na visiposuuzwa vizuri chumvi hubaki humo humo. Pale Kibokoni huvisuuza, nimevionja.

Samaki wa kupaka sikumwacha. Nani Mwambao atamwambia mwenzake aache tui? Lakini tui zito lina mafuta mengi ya aina ile inayoganda, nayo hupandisha kolesteroli mbaya, kwa hiyo naomba mchuzi uje kando kwenye bakuli, nachovya. Wali naomba nusu, na ile nusu nyingine wanijazie mchicha. Wataalamu wa lishe hufundisha kwamba nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga, robo samaki, nyama au kunde. Sahani ya kawaida ya hoteli zetu ni mlima wa wali na kijiko cha mboga pembeni, basi hapo lazima useme mwenyewe. Wao hawakunitoza zaidi kwa mchicha. Chakula chote, samaki mzima akiwemo, hakikufika shilingi 700.

Kinywaji changu ni maji au dafu. Sukari sinayo, lakini babangu alikuwa nayo, na najua soda ya kola ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari. Juisi za hotelini nazo zisiaminiwe kwa sababu tu ni za matunda: ya embe, ya avokado, ya ukwaju, zote hutiwa sukari kwa ukarimu usipowahi kukataza. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza.

Nililinganisha na mkahawa mmoja wa Nyali unaojitangaza kuwa wa chakula cha afya. Saladi ya kuku ilikuja imelowa mayonesi. Nilipouliza iletwe bila mayonesi, niliambiwa inafika imeshachanganywa. Saladi ya sufuria, basi, ijapokuwa ni baridi. Bei ilikuwa zaidi ya maradufu, na kiti kilikuwa kizuri. Sitarudi.

Viazi karai na bajia za jioni nimekulia, na bado nala, kwa nadra. Ninachoangalia ni karai yenyewe. Mafuta yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi, napita, maana mafuta yaliyorudiwa kuchemshwa mara nyingi huharibika na hayafai mwilini. Muuzaji anayebadilisha mafuta mtamjua kwa rangi ya kiazi chake, na anastahili kuungwa mkono.

Kasoro za hoteli yangu nazo nizitaje. Mboga huisha mapema, ukifika saa nane hupati mchicha. Samaki wa kuagiza huchukua nusu saa au zaidi, kwa hiyo mwenye mapumziko mafupi apige simu mapema. Ijumaa jiko lote huwa la biriani, na ukitaka cha kuchoma wahi kabla ya swala, kwa sababu baada yake makaa yameshahamishiwa kwenye masufuria.