Njia ya Birava: kamba, butope na sambaza wangu

Sitaki tena kusikia mtu akiniambia Birava ni karibu. Karibu ndiyo. Unatoka Bukavu kwa lami, ukifika Mudaka unakunja upande wa Ziwa Kivu, basi. Kunguru angefika kabla hujamaliza kumenya ndizi. Mimi si kunguru. Nina beseni kichwani.

Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwenye soko la Kadutu mjini Bukavu. Siku hizo hapakuwa na mwezi, na wa kazi hii wanajua maana yake: giza likiwa zito sambaza wanafuata taa, mitumbwi inarudi imejaa, bei inalegea. Ukikosa siku hizo unangoja giza lingine. Nikamwamsha motari wangu, mwenye pikipiki, alfajiri, tukashuka.

Kushuka, niseme kweli, kulinifurahisha. Migomba huku na huku, udongo mwekundu umekauka vizuri, halafu kwenye kona moja ziwa linafunguka ghafla na kisiwa cha Idjwi kimelala katikati yake. Nikamwambia motari asimame nitazame. Mimi, mtu wa kuhesabu faranga! Sokoni Birava nikapata sambaza wanaong'aa kama vijiko vipya, na nanasi moja la Idjwi juu yake.

Halafu mvua ikanyesha. Haikukaa hata nusu saa.

Kwenye kupanda tukakuta kamba. Kamba ya nailoni, buluu, mwisho mmoja umefungwa kwenye mkaratusi, mwingine umezungushwa kwenye mkono wa kijana mmoja. Nyuma yake shimo limejaa butope. Wenzake wanne wamekaa chini ya mti.

"Mama, elfu mbili."

"Za nini, mwanangu?"

"Za salongo."

Hapo damu ikanipanda. Salongo inalipwa tangu lini? Sisi tuliolelewa na salongo, kazi ya wote isiyo na malipo, tunajua: unatoka na jembe lako, unarudi na mgongo unaouma, hakuna anayekupa hata maji. Nikamuuliza jembe liko wapi. Akanionyesha moja limeegemea mti, kavu. Na yeye amevaa buti mpya za mpira, hazina hata tone.

"Kama unataka bure, mama, ruka."

Wenzake wakacheka. Kicheko kile ndicho sijakimeza mpaka leo. Elfu mbili ningetoa, lakini kwa kicheko? Nikakaa pale nabishana, na jua likatoka kali. Maji ya samaki yanamtiririkia motari mgongoni, nzi wamefika. Sambaza akilegea tumbo linapasuka, na mteja wa Kadutu anatazama tumbo kabla ya kukusalimia. Nilijua hayo yote, bado nikaendelea kubishana. Hilo ni kosa langu, siwezi kuisingizia barabara.

Mwishowe motari alilipa kwa mfuko wake, kimya. Wakatandika mbao mbili, pikipiki ikapita. Mimi nikafuata kwa miguu na kandambili yangu ikamezwa. Ndipo kijana yuleyule akaingia na buti zake mpya, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akaitoa, akaipangusa kwa majani ya mkaratusi na kunipa kwa mikono miwili: "Pole, mama." Sasa nimfanye nini mtu kama huyu? Nikasema aksanti. Niliichukia aksanti ile njia nzima.

Tulipofika Mudaka motari akafungua mdomo: "Mama, uliona lile shimo lina pembe nne?" Nililiona. Mvua haichimbi pembe nne.

Beseni nusu liliuzika. Nusu nilianika kwenye mabati, nikauza kwa bei ya kulia.

Kwa hiyo njia yenyewe, kushuka naipa nyota nne. Kupanda, sifuri. Wenzetu wa Goma wanalia na mawe yao ya volkano, lakini jiwe halidai faranga. Watu wanasema itengenezwe, na mimi nilisema hivyo siku ile, kwa sauti. Lakini nikiwaza malori yakianza kufika pale ufukweni kabla yangu, yananunua mtumbwi mzima mzima, sina haraka sana. Labda shimo libaki, kamba iondoke. Au kamba ibaki na kicheko kiondoke, sijui.

Giza lingine linakaribia. Motari amenipigia kuuliza kama tunashuka. Nimemwambia aulize kwanza kamba imefika bei gani.