Diski ya Kasi kwa Kompyuta ya Mezani Iliyotumika: Ipi Inunuliwe, na Utajuaje Kama Mashine Itaikubali

Kompyuta za mezani za ofisini zilizokwisha kutumika, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ndizo wengi wetu tunazozimudu, iwe tunanunua Kariakoo au Luthuli Avenue, na nyingi huuzwa zikiwa bado na diski ya zamani ya kuzunguka. Ukiiondoa diski hiyo na kuweka ya SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa sekunde chache. Shida ni kwamba SSD ziko za aina kadhaa, baadhi zinafanana kabisa kwa macho, na muuzaji akiulizwa kama itakubali hujibu upesi kuwa itakubali. Mwenye kuamua jambo hilo ni ubao mama (motherboard) wa kompyuta yako, na ubao huo unaweza kuukagua mwenyewe kabla hujatoa hata senti.

Kwanza tuondoe mkanganyiko ulio mkubwa kuliko yote. M.2 ni umbo la diski na tundu lake. NVMe ni utaratibu ambao diski hutumia kuwasiliana na kompyuta kupitia PCIe, yaani njia za kasi za data kwenye ubao mama. Kwa hiyo kuna diski za M.2 zinazotumia NVMe, na kuna diski za M.2 zinazotumia SATA, njia ya zamani zaidi ya kuunganisha diski, ambazo kasi yake haizidi ile ya SSD ya kawaida ya inchi 2.5. Diski ya M.2 ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, na ya NVMe kwa kawaida ina pengo moja. Lakini zipo NVMe zenye mapengo mawili pia, hivyo soma lebo na usitegemee mapengo peke yake. Zaidi ya hayo, baadhi ya kompyuta, hasa zile ndogo sana, zina tundu la pili la M.2 ambalo ni la kadi ya Wi-Fi, na tundu hilo halipokei diski.

Ukaguzi uanze na prosesa. Katika Intel Core, tarakimu zinazotangulia zile tatu za mwisho hutaja kizazi: i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-4590 ya 4, i5-6500 ya 6. Kwa OptiPlex na EliteDesk, kizazi cha 6 ndicho mpaka wa kukumbuka. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 za umbo la kawaida hazina tundu la M.2 la diski, ilhali OptiPlex 7040, OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G2 zinalo na zinapokea NVMe. Mpaka huu usiufanye sheria ya kila mashine, kwani modeli za bei ya chini za kizazi hichohicho zinaweza kukosa tundu. Wala jina la modeli pekee halitoshi: mwaka 2023 Dell ilitoa tena kompyuta iitwayo OptiPlex 7010, ambayo ni mashine tofauti kabisa na ile ya 2012. Mtu anayeambiwa kwa simu kwamba kuna 7010 inauzwa na aulize prosesa yake ni ipi.

Baada ya hapo tafuta kibandiko cha Service Tag kwenye kava la Dell, chenye herufi na tarakimu 7, uziingize kwenye tovuti ya Dell na usome mwongozo wa mashine hiyo hasa, sehemu ya hifadhi. Kwa HP tumia namba ya bidhaa iliyo kwenye kibandiko chake. Kisha washa kompyuta ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo ili uingie kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya mashine inayoanza kabla ya Windows. Katika OptiPlex 7050, ukifungua System Configuration na kisha Drives, utaona orodha ya SATA-0, SATA-1 na kuendelea, na ndani ya orodha hiyo M.2 PCIe SSD-0. Mstari huo ni ushahidi mzito kuliko maneno ya dukani. Mwisho fungua kava na ulitazame tundu lenyewe, kwa sababu mara nyingi skrubu ndogo ya kuishikia diski imekwisha kupotea. Angalia pia urefu unaokubalika: diski iliyoandikwa 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80.

Sasa tuzipange kwa ubora wa ununuzi.

Ya kwanza ni NVMe ya PCIe 3.0, ya gigabaiti 500 hivi, kwa mashine ambayo tundu lake umekwisha kulithibitisha. Husoma hadi megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde, haihitaji kebo yoyote, na huacha nafasi ya diski ya zamani ibaki kuhifadhi picha na video. Usishawishiwe kuongeza fedha nyingi kwa ajili ya ile ya PCIe 4.0 iliyoandikwa 7,000: katika tundu la PCIe 3.0 itafanya kazi vizuri, lakini kasi yake itashuka hadi karibu nusu.

Ya pili, na kwa mashine ya kizazi cha 4 kurudi nyuma ndiyo ya kwanza bila ubishi, ni SSD ya SATA ya inchi 2.5. Kikomo chake ni megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi siidharau hata kidogo. Kinachoichelewesha diski ya kuzunguka ni kile kichwa chake kinachotafuta data kwa milisekunde kadhaa kila mara, na ucheleweshaji huo SSD yoyote huuondoa. Katika kazi za kawaida za barua, vivinjari na hesabu za duka, hatua ya kutoka diski ya kuzunguka hadi SATA huonekana waziwazi kuliko hatua ya kutoka SATA hadi NVMe. Katika 7010 ya zamani hakikisha unaichomeka kwenye tundu la SATA la gigabiti 6, kwani baadhi ya matundu yake ni ya gigabiti 3.

Ya tatu ni M.2 ya SATA. Inunue tu ikiwa mwongozo unasema tundu lako linapokea aina hiyo na kebo za kuunganisha SSD ya inchi 2.5 zimekuishia.

Ya mwisho ni NVMe iliyowekwa juu ya kadi ya adapta ya PCIe. Katika mashine za zamani Windows ikishawaka itaiona na kuitumia, lakini BIOS ya 7010 ya 2012 haina programu ya kuiwasha kompyuta kutoka kwenye NVMe. Samsung 950 Pro ya mwaka 2015 ilibeba programu hiyo ndani yake, jambo ambalo diski nyingi za sasa hazina. Kubadilisha BIOS kwa faili za mitandaoni sikushauri, maana ikiharibika ubao mama wote unaweza kufa. Tena Windows 11 haizitambui rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fedha za adapta ni afadhali ziwekwe akiba ya mashine mpya zaidi.

Siku ya kununua, nenda na mashine dukani ikiwezekana, diski ifungwe, kisha uitafute kwenye BIOS kabla ya kulipa. Ikionekana hapo lakini kisanikishi cha Windows kikasema hakuna diski, usiirudishe bado: Dell nyingi hutoka zikiwa na mpangilio wa BIOS uitwao SATA Operation, unaoamua jinsi diski zinavyoendeshwa, ukiwa kwenye RAID On. Ubadilishe uwe AHCI, kisha uanze kusanikisha upya.