Kava za fotokopi yangu zilinitesa miezi mitatu, huyu mzee kazikalisha kwa mchana mmoja

Mi nina steshenari Ngamiani, huku huku Tanga, kifremu kidogo cha kopi, skani, printi, laminesheni na kuchapa barua za maombi ya kazi. Mashine kubwa ninayo moja tu, hizi za mtumba zinazotoka Ulaya, yenye kopi na skani na printi pamoja, na ndo inayolipa kodi ya fremu na ada za watoto. Kwa hiyo ninachoandika hapa kinanigusa kweli. Naongelea kava. Sio dramu, sio tona, kava, yale maplastiki ya nje ambayo wengi wetu tunayaona kama nguo ya mashine tu.

Ilianza nilipohama fremu. Vijana waliobeba mashine waliishika kwa kile kifuniko cha juu kinachovuta karatasi zenyewe, wengine mnakiita fida, mi nilikuwa najadiliana na mwenye mkokoteni sikuwaona mapema. Wiki hiyo hiyo kopi zikaanza kutoka unga, unapitisha kidole maandishi yanafutika, nikaita fundi akasema fyuza imechoka, kile kifaa cha ndani kinachopata moto na kugandisha tona kwenye karatasi. Akabadilisha, na upande huo sitamdhulumu, maandishi yalishika vizuri mpaka leo. Tatizo lilikuja kwenye kufunga. Alifungua kava ya nyuma, ya kulia na ya mbele, skrubu zote akazimwaga kwenye kopo moja, giza lilikuwa linaingia na umeme ukakatika katikati, akawa anafunga kwa tochi ya simu huku ana haraka ya kwenda kwingine. Mwisho zikabaki skrubu nne mezani. Nikamuuliza fundi hizi je, akasema dada hizo za ziada, we washa uone inafanya kazi. Nikawasha ikafanya kazi, nikamlipa.

Siku ya tatu ndo kioo kikaanza kuandika funga mlango wa mbele. Mlango umefungwa! Unausukuma kwa goti inakubali, inatoa kopi kumi inasimama tena, unasukuma tena. Upande wa kulia kava imeachia uwazi unaoingia kidole kizima, na ukikaa karibu unasikia inatetemeka kila karatasi inapopita. Afu skani za kupitia juu zikawa zinatoka zimelala upande. Kuna dada alileta cheti chake nimskanie atume maombi ya ajira, kikatoka kimeinama kama picha iliyoning'inizwa vibaya ukutani, ikabidi nimskanie upya moja moja kwenye kioo cha chini na foleni ipo mpaka nje.

Nikaweka boksi, nikaweka selotepu, nikamrudia yule fundi kwa simu kila siku ni nakuja kesho. Mtu mmoja wa kazi hii hii akanishauri nichomeke kijiti kwenye kile kitundu cha swichi ya mlango, ili mashine ione kila wakati mlango umefungwa. Nikafanya. Nasema wazi ili wengine msifanye. Ile swichi ipo ili mlango ukifunguka mota zisimame na umeme wa ndani ukatike, sasa ukiizuia kwa kijiti mashine inazunguka hata ukiwa umeingiza mkono. Kijana wangu wa dukani alifungua kutoa karatasi iliyokwama, rola hazijasimama, mkono wa shati ukavutwa. Alichomoa haraka, shati likachanika, mkono wake mzima namshukuru Mungu. Nilikitoa kijiti saa ile ile nikazima mashine siku mbili nzima, hasara nikaikubali.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Chumbageni, alishafanya kazi za mashine za ofisini miaka mingi, sasa anatengeneza akiitwa tu. Alisema atakuja saa tatu asubuhi, akaja baada ya adhuhuri, hilo nalihesabu kama kasoro maana nilifunga duka kumsubiri. Ila alivyoanza kazi nikanyamaza.

Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, mashine yasemaje? Nikamweleza yote mpaka la kijiti. Hakugusa skrubu hata moja. Akatoa pima maji kwenye mkoba, ile ya mafundi waashi lakini fupi, akailaza juu ya kioo cha skana, kiputo kikakimbilia pembeni. Akaigeuza upande wa pili, kikakimbia tena. Akaniambia, "Mwanangu, mashine yako yasimama kwa miguu mitatu. Kava zitakaaje?" Kumbe sakafu ya fremu mpya imeteremka kuelekea mlangoni, walijenga hivyo ili maji ya kudeki yatoke, na mashine hizi ni nzito, ikikaa pasipo sawa lile fremu la bati la ndani linajinyonga kidogo sana, huoni kwa macho, ila matundu ya skrubu yanaacha kutazamana na milango inakataa kukaa. Tukachomoa waya ukutani, akaweka vipande vya bati chini ya mguu mmoja mmoja huku anaangalia kiputo, mpaka kikatulia katikati pande zote mbili. Wallahi ule uwazi wa kulia ulipungua karibu nusu kabla hajafungua kitu! Niliinama nikaushika mwenyewe kwa kidole, sikuamini.

Afu akasema tungoje ipoe, maana fyuza inafika karibu nyuzi joto 200 na yeye hafungui kava ya nyuma mashine ikiwa ya moto. Tukanywa chai. Baada ya hapo akaomba trei ya mayai, nikatuma kwa jirani. Kila kava aliyotoa, skrubu zake zinaingia kwenye shimo lake la trei, na akaandika kwa peni nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele chini. Akaniita nitazame skrubu mbili kwa karibu akaziweka kwenye kiganja. Moja nyuzi zake ni pana zimeachana, hiyo ya kuingia kwenye plastiki. Nyingine nyuzi ni nyembamba zimebanana, hiyo ya bati. Ukiweka ya bati kwenye plastiki haishiki, inazunguka tu, na ukilazimisha ya plastiki kwenye bati unaharibu tundu. Fundi wa kwanza alikuwa kachanganya zote, tena kwenye kava ya kulia kaweka moja ndefu kuliko inavyotakiwa, ncha yake imegota kwenye bati kabla kichwa hakijafika, kwa hiyo unavyozidi kukaza plastiki ndo inazidi kusukumwa nje. Hicho ndo kilikuwa kinatetemeka. Baadhi zilishaota kutu, hewa yetu hii ya bahari, akazisugua kwa brashi, mbili akatupa.

Kava zenyewe hazishikwi na skrubu tu, kuna ndimi za plastiki ndani ambazo ndo zinabeba, skrubu inamalizia. Ya kulia ilikuwa na ndimi tano, mbili zimevunjika, maana yule mwingine aliivuta kwa nguvu kama anabandua bango. Mzee anavyorudisha anaingiza ndimi za chini kwanza, anainamisha kava kidogo, anapandisha, afu anagonga taratibu kwa ngumi upande wa juu mpaka inaita tak, tak. Isipoita haendelei, anatoa anaanza upya. Na skrubu ya plastiki kabla hajaikaza anairudisha nyuma kwanza, anazungusha kinyume polepole mpaka unahisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndo anaikaza sasa, kwa mkono, drili aliiacha kwenye mkoba. Alinipa bisibisi nijaribu, kweli unasikia kimshtuko kidogo kwenye vidole. Tundu moja lilikuwa limeshakufa kabisa, akatia supa gluu na soda ya kupikia, ikaganda ngumu kama jiwe, akatoboa kitundu kidogo akafunga skrubu ikashika.

Jambo lingine, hakukaza kava moja moja mpaka mwisho. Alianza ya nyuma, zikafuata za pembeni, mwisho ya mbele, kwa sababu ukingo wa moja unaingia chini ya mwenzake, na zote akazifunga nusu nusu kwanza. Afu akakata kipande cha manila pale pale dukani akawa anakipitisha kwenye mwanya kati ya kava na kava, juu, katikati, chini. Kikikwama juu na kulegea chini anasogeza. Kilipopita sawa kote ndo akakaza zote kwa kuzunguka, huku kidogo kule kidogo.

Mlango wa mbele ulipofungwa, ule ujumbe haukurudi. Alinionyesha sababu kwa tochi, kwenye mlango kuna ulimi mwembamba unaotakiwa uingie kwenye kitundu kubonyeza swichi, na kava ilivyokuwa imekaa pembeni ulimi ulikuwa unagonga ukingo wa kitundu badala ya kuingia. Tofauti yake ni milimita mbili hivi. Miezi mitatu ya kupiga goti mashine ni milimita mbili!

Skani zilizolala alizishughulikia mwisho. Akachora mstari ulionyooka kwenye karatasi, akatoa kopi moja kwa kioo na moja kwa kupitia juu, akazibandika pamoja dirishani kwenye mwanga. Mistari ikaachana kama mkasi. Bawaba ya kushoto ya kile kifuniko ilikuwa imesogea, bila shaka ile siku ya kubeba. Akalegeza skrubu zake, akasogeza unywele, akajaribu, akasogeza, karatasi kama nane hivi zilienda, mpaka mistari miwili ikawa mmoja dirishani.

Bei alinitoza 60,000, yule wa kwanza kwa kazi ya fyuza alichukua 40,000 bila kifaa. Sioni kama ni ghali. Kava ya kulia yenye ndimi zilizovunjika alisema itanivusha lakini nitafute nyingine, akanigeuzia upande wa ndani akanionyesha namba ya kifaa imechorwa kwenye plastiki yenyewe, pembeni pameandikwa ABS, yaani aina ya plastiki, nikapiga picha nikamtumia muuza spea Dar. Ikaja kwa basi imefungwa kwenye kiroba bila boksi, kona moja imepata ufa na rangi yake ni ya manjano zaidi ya mashine, hilo limeniudhi, mtu unamlipa afunge vizuri. Mkiagiza semeni kabisa iwekwe kwenye boksi gumu na mtumiwe picha kwenye mwanga wa jua. Na msijaribu kung'arisha ile manjano kwa petroli au thina, mzee alinikataza, plastiki hiyo inayeyuka uso na kupasuka, ni kitambaa chenye maji na sabuni kidogo basi.

Leo ni wiki ya sita. Mlango haujalalamika, selotepu nimebandua zote, asubuhi nikifungua duka napitisha kile kipande cha manila kwenye mwanya wa kulia, kinapita juu mpaka chini.